Daktari wa Viungo wa Ihanja

Natunga na kufundisha ngoma chuo kikuu. Nilipokwenda Ihanja kuposa, niliona haya kusema nafundisha watu kucheza, nikasema nafundisha mambo ya viungo vya mwili. Wakwe zangu wakaniita daktari, nami nikaitikia kama niliyesomea.

Juzi mimi na mke wangu tulikwenda kuwasalimia. Mama mkwe akaniletea bibi jirani mwenye goti bovu. Nikamwambia aunyanyue mguu polepole, kwa sauti ya hospitali kabisa.

Baba mkwe akaingia, katoka kwenye kibanda kipya cha video.

“Daktari, nimekuona kwenye kanda. Umevaa njuga, unakata kiuno.”

Bibi, mguu bado uko juu, akaniuliza, “Sasa mwanangu, niushushe, au ndiyo ngoma imeanza?”