Sahihi Aliyoifuta Shangazi

Shangazi yangu alipiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Hewala, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyemtuma. Aongeze zamu, hewala. Asogeze likizo, hewala. "Hewala haigombi," alikuwa akituambia, nasi tukadhani ni upole. Siku hizi mwenyewe anasema ulikuwa woga uliopigwa pasi.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, mvuke umejaa hadi rangi ya kuta inabanduka. Katikati ilisimama mashine ya pasi yenye rola mbili ndefu. Shuka bichi huingizwa mbele, hutokea nyuma likiwa kavu. Mbele ya rola kulikuwa na ubao wa chuma. Mkono ukiugusa tu, mashine inasimama. Mwezi wa nne ubao ule uliacha kufanya kazi. Shangazi akamweleza msimamizi.

"Vumilia, mama," msimamizi akasema. "Mvumilivu hula mbivu."

Mwezi wa sita akamweleza tena. Akajibiwa kwamba mwaka mpya utakuja na bajeti mpya.

Mwezi wa tisa rola zikaumeza mkono wa mama yangu. Mama ni wifi yake, na Shangazi ndiye aliyemtafutia kazi ile. Vidole vitatu viliungua vibaya, havijakunjika tena hadi leo. Hata kabla hajatoka wodini, msimamizi alileta karatasi iliyokwisha andikwa: mfanyakazi alikuwa akipiga soga, ajali imetokana na uzembe wake. Ilitakiwa sahihi ya shahidi. Shangazi akaisoma yote, akasema hewala, akatia sahihi.

Kwa karatasi hiyo Mama akaachishwa kazi. Baba, ambaye ni kaka yake Shangazi, akaacha kuitikia salamu zake. Mama hakugomba. Alimwambia tu, "Wifi, ulikuwepo."

Wiki ya mwisho ya mwaka msimamizi aliwakusanya wafanyakazi, akawagawia vikaratasi vya rangi. Kila mmoja aandike funzo la kuingia nalo mwaka mpya, kisha vibandikwe ukutani. Yeye akatangulia kubandika chake: Uvumilivu. Wengine wakafuata na Bidii, Ushirikiano, Shukrani. Mmoja aliandika Kuwahi, watu wakaangua kicheko, maana ndiye aliyefika wa mwisho.

Shangazi alikaa ameshika kalamu. Anasema hasira ilimpanda kutoka kwenye nyayo, na kwanza hakumkasirikia msimamizi. Alijikasirikia mwenyewe.

"Hewala, umekwama?" msimamizi akamuuliza. "Andika lolote."

"Kikaratasi hakitoshi. Nitasema." Akasimama. "Nimejifunza kwamba anayeniambia nivumilie nile mbivu, yeye ameshakula. Nilikuambia ubao umekufa. Nikakuambia tena. Halafu nikatia sahihi uongo wako. Wifi yangu hakuwa akipiga soga. Alikuwa akinyoosha pindo, kama ulivyotufundisha."

"Hayo tutayaongea ofisini, mama."

"Ofisini nimekuja mara mbili. Tuyaongee hapa."

"Unajua kwamba unajiharibia?"

"Najua. Niliogopa kujiharibia, nikamharibia mwenzangu."

Akaenda ukutani, akaizima mashine. Akasema hataingiza shuka tena mpaka ubao utengenezwe. Msimamizi akamwamuru mwanamke wa zamu ya pili aiwashe. Yule mama akakunja mikono, akatazama chini. Akaamriwa mwingine, naye hakusogea. Kufikia mchana wodi zote zilikuwa zinaulizia mashuka, na mganga mkuu akateremka mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuwahi kuingia chumba kile. Siku hiyohiyo Shangazi akaandika barua ya kuifuta sahihi yake, na nakala akaipeleka ofisi ya kazi ya serikali kwa miguu yake.

Kesho yake fundi akaja. Kilichokuwa kimeharibika ni swichi ndogo ndani ya ubao. Aliibadilisha kwa nusu saa. Shangazi aliketi juu ya rundo la mashuka machafu akalia kwa ghadhabu: nusu saa, na wao walingojeshwa miezi minane.

Msimamizi hakufukuzwa, alihamishiwa idara nyingine. Shangazi alipewa barua ya onyo kwa kusimamisha kazi. Anayo, na hajutii. Faili la Mama lilifunguliwa upya, neno uzembe likaondolewa, naye akarudishwa kazini, mapokezi, anakoandika kwa mkono wa kushoto.

Siku ya kwanza ya mwaka Shangazi alikuja kwetu. Baba akatoka kwenda uani. Mama alikuwa jikoni.

"Wifi, nimekuja kuomba radhi."

"Nimekusikia," Mama akasema. "Lakini bado nina hasira nawe."

"Kuwa nayo. Hata mimi ninayo."

Mama akamsogezea kigoda. Wakaanza kumenya viazi, Shangazi akivishika, Mama akipitisha kisu kwa mkono wa kushoto, mpaka sufuria ikajaa.