Kigeugeu Alipobisha Hodi Tandika

Mimi si mtu wa kusimulia majini. Wanaonijua hapa Tandika watakwambia: huyo fundi cherehani ana mdomo, ana hasira za karibu, lakini uongo hana. Tena visa vya namna hii huwa vya usiku wa manane, na msimuliaji alikuwa ametoka kilabuni. Changu ni cha saa kumi jioni, Jumamosi, jua linawaka mpaka mabati yanalia, na nilichokuwa nimekunywa ni chai ya tangawizi tu. Mama yangu alikuwepo na yu hai. Ukiona nimetia chumvi, nenda kamuulize yeye.

Nianze na mdogo wangu Shabani, maana bila yeye hakuna kisa. Tulizaliwa wawili tu. Baba alipofariki tulikuwa bado wadogo, na kitu pekee cha anasa alichotuachia kilikuwa mashine ya gemu, zile za zamani za kuchomeka kaseti juu na kuunganisha kwenye televisheni. Kaseti tulikuwa nayo moja. Ndani yake kuna kijana mdogo wa chuma anayekimbia, anaruka mashimo, anapigana na maroboti, kila roboti na chumba chake. Wenzetu walikua wakahamia gemu za mpira. Shabani alifika miaka ishirini na nane, anaendesha bajaji yake mwenyewe, na bado Jumapili anakaa chini kwenye zulia na ile pedi ya kuchezea iliyofutika herufi.

Aliyemng'ang'aniza pale ni roboti wa mwisho. Jina lake la kwenye gemu limeandikwa kwa maandishi ya kwao huko, hatukuwahi kulisoma. Sisi tulimwita Kigeugeu.

Nikwambie kitu, mimi nimeshona nguo miaka kumi na tano, nawajua mafundi wa kweli na mafundi wa kubahatisha. Kigeugeu alikuwa fundi. Maroboti wengine wote walikuwa na ujanja mmoja mmoja: huyu anatema moto, yule anarusha visu, ukishaujua ujanja wake umemaliza kazi. Kigeugeu anaingia chumbani akiwa tone tu la chuma, halina uso wala mikono. Linatua, linatetemeka, halafu linasimama likiwa yule wa moto uliyemuua saa nzima iliyopita. Ukimzoea anakuwa wa visu. Ukimmudu huyo, anageuka wewe. Ndiyo, wewe mwenyewe, kijana yuleyule mdogo wa chuma, mnatazamana. Hapo ukiruka anaruka, ukipiga anapiga, ukitulia anatulia. Huwezi kumshinda kwa sababu hakuzidi hata kidogo, anakutosha tu. Shabani hakuwahi kumshinda, na sijawahi kuona mtu anayemsifia adui yake vile. "Dada, huyu mwamba noma," alikuwa akiniambia. "Wenzake wanapigana, yeye anakusoma."

Shabani naye alikuwa kigeugeu wetu. Kuiga watu ndicho kilikuwa kipaji chake. Mbele ya mlango wa kile chumba cha mwisho alikuwa anamrusha kijana wake mara mbili, hop, hop, anasema, "Hodi hodi." Halafu anamfanya yule kijana awe mtu wa humu ndani. "Huyu ni mama anakwenda gengeni," na kijana anatembea hatua tatu, anasimama, anarudi, hatua tatu, anasimama, anarudi. Maana mama yetu hajawahi kwenda gengeni mara moja akafika. Atarudi kufuata kikapu, atarudi tena kuuliza amefuata nini. "Na huyu ni dada kaudhiwa na mteja," na kijana anapiga ukuta, anapiga sakafu, anapiga hewa. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno, maana nyonga yake moja mbovu na kicheko kinaiuma.

Homa ilimchukua Shabani kwa siku nne. Siku ya tano tukamzika.

Sasa sikiliza kosa langu, nami silifichi. Sisi ni Wazaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi. Unajua mtani anavyofanya msibani: anakuja kuvuruga kilio. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anamsema madeni yake na ubahili wake, mpaka mfiwa acheke apende asipende. Ndiyo kazi yake, na mtani hakasirikiwi. Mimi nililijua hilo kwa kulisikia tu. Mtaani kwetu misiba ya siku hizi watu wanakaa kwenye viti vya plastiki, wanaangalia simu, wanakula pilau, wanaondoka.

Mtani wetu alikuwa Maganga, fundi baiskeli wa Chanika, rika moja na Shabani, marafiki wa kufa na kuzikana. Wanaume walipotoka makaburini, sisi wanawake tumekaa uani na mama kwenye mkeka, nikaona mlangoni mtu kavaa jezi ya Shabani. Ile nyekundu, yenye kiraka nilichokishona mimi kwa mkono wangu. Akaruka pale kizingitini mara mbili. Akafungua mdomo aseme.

Hakusema. Nilimfikia kabla. Nilimvua ile jezi mbele ya kadamnasi, mtu mzima, nikamwacha kifua wazi, na maneno niliyomtolea siwezi kuyarudia hapa. Maganga alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo ilinizidishia hasira, akaenda zake. Shangazi yangu akaniambia palepale, "Umefunga mlango, wewe mtoto. Utaufungua mwenyewe."

Nilimpuuza. Lakini mama yangu hakulia siku ile, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Alilala kwenye mkeka sebuleni akageukia ukutani. Uji alikuwa anaunywa vijiko viwili. Zahanati walimpima kila kitu wakasema hana ugonjwa. Wiki ya kwanza nilisema ni majonzi. Wiki ya tatu mikono yake ilikuwa imekonda mpaka bangili zinateleza zenyewe, na nikaelewa kwamba ninamzika wa pili. Shangazi akawa anakuja kila Ijumaa na neno lilelile: nenda Chanika, kamwombe mtani radhi. Nami kila Ijumaa namjibu kwamba siwezi kumpigia magoti mtu aliyemdhihaki ndugu yangu. Kiburi kibaya jamani. Mama yangu anaondoka hivi hivi machoni pangu, na mimi nimekazana na heshima.

Jumamosi hiyo, siku ya ishirini na tatu, nilifunga cherehani mapema. Nilikuwa nimechoka kutokuwa na la kufanya. Nikaiona ile mashine chini ya televisheni imejaa vumbi, nikajiambia: Shabani kafa hajamshinda Kigeugeu, basi nitamshinda mimi. Akili ya mfiwa hiyo, usiicheke. Nikafuta kaseti kwa upindo wa kanga, nikaipuliza, nikachomeka. Gemu zile hazihifadhi ulipofikia, lazima uanze mwanzo. Nilianza baada ya adhuhuri, mama amelala nyuma yangu uso ukutani, na mpaka saa kumi nilikuwa mbele ya mlango wa mwisho.

Sikubisha hodi. Niliingia tu.

Tone likadondoka, likatetemeka. Nikapigana na wa moto, nikapigana na wa visu, vidole vinauma. Akageuka mimi. Tukasimama tunatazamana, kijana mdogo wa chuma upande huu, kijana mdogo wa chuma upande ule. Mikono ilikuwa imeloa jasho, nikaiweka pedi kwenye zulia nijifute. Nakumbuka vizuri, pedi ilikuwa chini, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kanga.

Yule wa upande ule akaruka mara mbili. Hop, hop.

Wewe ungefanyaje? Mimi nilibaki na kanga mkononi kama mjinga. Nimekwambia, Kigeugeu hafanyi jambo usilolifanya, miaka yote ile hajawahi. Nikaitazama pedi, ipo pale pale. Nikatazama tena kwenye kioo. Akaanza kutembea. Hatua tatu, akasimama, akarudi. Hatua tatu, akasimama, akarudi. Tena niamini, alikuwa anavuta mguu mmoja. Mchoro mdogo usiozidi kidole gumba, hauna uso, hauna nguo, na nilimwona mama yangu mzima mzima anakwenda gengeni. Shabani mwenyewe hakuwahi kuupata ule mguu. Katikati ya woga wangu nilijikuta nasema moyoni: huyu ni fundi, wallahi huyu ni fundi.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Ananiiga mimi huyo."

Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo siku ishirini na tatu. Nikageuka. Mama alikuwa ameinuka kwa kiwiko, anatazama televisheni, shungi limemwanguka.

"Mama, sijagusa kitu," nikasema.

"Nyamaza, niache nimwone."

Kigeugeu akafika ukutani akasimama, akageuka kututazama. Halafu akaanza kupiga. Akapiga ukuta, akapiga sakafu, akapiga hewa, akajizungusha akapiga tena ukuta uleule, na mwishoni akafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye maigizo ya Shabani hata siku moja: alimrukia mtu asiyekuwepo, akamvuta kwa juu kama anayemvua nguo, akaitupa hiyo nguo chini akaikanyaga.

Mama alicheka. Alianza na kikohozi, kikawa kicheko, kikawa kicheko cha kushika kiuno. "Huyo ni wewe!" ananionyesha kidole. "Jamani, huyo ni wewe na jezi!" Akacheka mpaka akalala tena chali kwenye mkeka, na humohumo ndani ya kicheko, bila kupumzika, kilio kikatoka. Alilia kilio chote cha siku ile ya maziko, na cha siku zote zilizofuata. Nikaenda kumshika, nami nikalia, na sioni haya kusema kwamba nilicheka pia, kwa sababu nilikuwa nimeigwa barabara.

Tulipotazama tena, Kigeugeu alikuwa mlangoni mwa kile chumba. Mlango ule haufunguki mpaka yeye afe, mtu yeyote aliyecheza gemu hiyo atakwambia. Akaruka mara mbili, ukafunguka, akatoka. Chumba kikabaki na kijana wangu peke yake. Gemu haikuandika kwamba nimeshinda wala kwamba nimeshindwa. Baada ya muda kioo kikazimika, na mashine ile haijawaka tena mpaka leo. Nimeipeleka kwa mafundi wawili na wote wanasema haina kasoro.

Jioni ile mama alikula ugali. Aliponawa akaniambia maneno mawili: "Kamlete Maganga."

Jumapili asubuhi nikaenda Chanika na jogoo mkononi na jezi kwenye mfuko. Nilimkuta amepindua baiskeli anaziba pancha. Nilipiga magoti kwenye vumbi lake, mimi huyu. Akaniacha pale muda kidogo makusudi, mtani ni mtani.

"Umekuja kunivua na suruali?" akauliza.

"Nimekuja kukuomba radhi, mtani."

"Nyie Wazaramo bwana. Hata kuomba radhi mnakuja na kitoweo." Akanishika mkono akaninyanyua. Akaipokea jezi, akakitazama kile kiraka, na utani ukamtoka usoni. Ndipo akaniambia nililokuwa silijui. Siku ya tatu ya homa alikuja kumtazama Shabani nikiwa sokoni. Shabani akamwambia, "Mtani, mie naona sichomoki. Nikienda, vaa jezi yangu, uruke mara mbili mlangoni, halafu umuige mama anakwenda gengeni. Asipocheka hatalia, na asipolia tutamkosa. Dada atakasirika, wewe usimjali, muige na yeye."

"Sasa ulinivua kabla sijaanza," Maganga akasema. "Nikajua kazi ya jamaa imenishinda."

Nikamsimulia ya Jumamosi. Hakushangaa nilivyotarajia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ule mguu wa mama ulitoka vizuri. Nikamwambia ulitoka mzimamzima. Akatikisa kichwa kwa wivu wa fundi akisifia kazi ya mwenzake. "Mie huo mguu ningeukosea," akasema.

Siku ya arobaini Maganga alikuja na jezi nyekundu, akaruka mara mbili kizingitini, na hakuna aliyemgusa. Mama ameshanenepa, bangili zimemkaa. Ile mashine nimeifunika kitambaa cha kufuma, na kila ninapopita naisalimu. Bado naogopa kuichomeka, nakwambia kweli, lakini ningelipa chochote kumwona tena yule akitembea.

Basi na wewe unayenisikiliza, mtani akija kwenye msiba wako amevaa nguo za mpendwa wako, mpishe aingie. Usimguse. Pengine ametumwa, na kazi aliyotumwa lazima ifanyike, kwa mkono wake au kwa mkono mwingine. Ukimfukuza, huchagui tena nani atakuja badala yake. Mimi nilibahatika, nilikuja kufanyiwa na fundi. Wewe sijui utafanyiwa na nani.