Jeshi la Migomba Nililomtungia Rafiki Yangu

Kosa ni langu. Sikulewa siku ile, sikusukumwa na mtu, wala siwezi kusema shetani alinipitia. Nilikuwa na akili zangu zote. Na kibaya zaidi, nilikuwa na furaha.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu hamnijui, ndiyo maana naweza kuwaambia. Walionijua pale Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu, wakiniona leo, wanatafuta kitu cha kutazama upande mwingine wa barabara.

Mimi ni mtu wa njia. Nilimaliza sekondari Bukavu, kisha sikutulia tena mahali. Nimekaa Kalemie, nimekaa Kisangani, nimepanda malori ya Kamituga juu ya mifuko ya chumvi. Nikiwa mbali naililia Bukavu, nikirudi Bukavu nawaza nilikotoka. Nimepita umri wa miaka arobaini bila mke, bila shamba. Kitu kimoja tu nilikibeba kila mahali bila kukichoka: mchezo wa vita.

Tulifundishwa na mwalimu mgeni, enzi zile walimu kutoka Ulaya walipokuwa bado wengi mashuleni. Unatandaza gunia juu ya meza, unaweka udongo uwe milima, kitambaa cha buluu kiwe ziwa. Kila mmoja ana jeshi lake la askari wadogo, anawasogeza kwa zamu, na dadu ndiyo inayosema nani ameanguka. Nchi yenyewe haipo duniani. Ina majitu, ina ndege wanaosema, ina wafalme waliozaliwa ndani ya mawe.

Mwalimu alipoondoka na askari wake wa madini ya risasi, tulifinyanga wetu kwa udongo. Na mimi nikawa mtunga sheria.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kweli, hata kama hainilishi. Mtu akitaka jeshi la kwake peke yake, anakuja kwangu. Namtazama, namsikiliza, halafu namtungia jeshi linalofanana naye. Fundi wa nguo mmoja, mtu wa maneno mengi, nilimtungia jeshi la nyuki: askari mmoja mmoja ni dhaifu, wakiwa kundi hakuna anayewasimamisha, lakini malkia akianguka wote wanatawanyika. Alifurahi mpaka akanishonea suruali.

Maana jeshi zuri lazima liwe na mlango wa kufia. Nguvu peke yake si sheria, ni majivuno. Anayetunga anapaswa kujua jeshi linashinda kwa nini, na kwa kitu hichohicho, linashindwa vipi. Hilo nililijua vizuri kuliko ninavyojua sala zangu.

Mwaka jana nilirudi tena Bukavu. Niliwakuta wenzangu wa zamani wamekuwa wababa, wana vitambi na madeni, lakini nilipotandaza gunia juu ya meza macho yao yalirudi kuwa ya shule. Tukawa tunakutana Jumapili baada ya misa, kwenye baraza ya yule fundi wa nguo.

Katika uwanja wa fundi alikuwa amepanga chumba rafiki yangu wa tangu utoto. Nitamwita Birindwa, si jina lake. Ni mwalimu wa primeri, shule ya watoto wadogo, mtu mpole, asiyeomba kitu. Hata kwenye mchezo alikuwa na jeshi la kawaida tu, watu wenye mikuki, na kila Jumapili alishindwa akicheka. Nilimpenda kuliko ndugu zangu. Nilitaka na yeye awe na jeshi la kwake.

Sasa sikilizeni nilikolitoa.

Siku moja nilimsindikiza kwao kijijini, Nyantende. Tulipopita karibu na makaburi ya ukoo wao, pale kwenye kaburi la mdogo wake palikuwa safi kuliko uwanja wa kanisa. Hakuna hata jani. Nikasifu. Birindwa akaniambia habari yake.

Mdogo wake, Mugisho, alikuwa mchimba dhahabu Kamituga. Shimo lilimfunika na halikumrudisha. Wajomba walichimba mpaka nao wakaogopa kufunikwa. Basi wakafanya kama wazee walivyofanya zamani kwa mtu asiyepatikana: walikata gogo la mgomba, wakalivika shati lake, wakalilaza kwenye sanduku, wakapigilia misumari. Marehemu apate mahali, matanga yaishe. Lakini mama yao alikuwa mgonjwa sana wakati ule, na watu waliogopa kumpoteza na yeye. Wakamwambia mwili umekuja, ila haufai kuangaliwa.

"Tulisema tutamwambia akipona," Birindwa alisema. "Akapona. Akaanza kupalilia kaburi. Sasa nani atamwambia?"

Kisha akanishika mkono. "Hata ukilewa, usiseme."

Nilimwapia. Na kweli, kwa ulevi sikusema.

Lakini lile gogo halikunitoka kichwani. Nikilala naliona, nikitembea naliona. Nawaapia, mwanzo ilikuwa huruma. Kisha, sijui ni njiani au sokoni, huruma ikageuka kuwa sheria.

Jeshi la Migomba. Askari wake akianguka, haondoki mezani. Mahali pake unaweka kipande cha mgomba na kukifunika kwa kitambaa. Jeshi lina mama mmoja, hana silaha, anatembea polepole kati ya walioanguka. Akifika kwenye kipande, askari anasimama tena. Ndiyo nguvu yake: jeshi lisiloisha, mradi mama anatembea.

Na mlango wa kufia? Adui akifaulu kufunua kitambaa mbele ya mama, mama akaona ni mgomba, anasimama palepale. Jeshi lote linatolewa mezani.

Nilipoipata sheria hiyo nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kutunga. Hata leo, Mungu anisamehe, najua ni nzuri.

Jumapili ile nilifika na askari wapya, na vipande vya mgomba vilivyokatwa vizuri, na mama mdogo wa udongo mwenye kitenge cha rangi. Nilimfinyanga kwa mapenzi. Birindwa alichukua kipande kimoja, akakigeuza.

"Hii ni nini?"

"Ni jeshi yako, ndugu. Nimekutungia."

Alikirudisha mezani. "Ondoa," akasema chini chini.

"Ngoja kwanza uone vile inashinda."

Angekuwa mtu mwingine angeipindua meza. Yeye ni Birindwa. Aliketi.

Mama yake alikuwa pale. Ni mimi mwenyewe niliyempokea mzigo alipofika kutoka Nyantende na maharage yake, na kumsalimu, na kumletea kiti. Aliketi mlangoni pamoja na mke wa fundi, wanachambua maharage kwenye lungo. Nilimwona. Msije mkafikiri sikumwona.

Tukaanza. Nyuki wa fundi wakaanguka juu ya watu wa Birindwa, wakawamaliza upande wa ziwa. Nami nikamsogezea Birindwa mama wa udongo, askari wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Fundi akapandwa na hasira.

"Aa, apana. Hii ni wizi. Mutu amekufa, unaweka mugomba, anafufuka? Hata Lazaro walimuita kwa jina!"

Watu wakacheka.

"Si wizi," nikasema. "Kila jeshi iko na desturi yake."

"Desturi ya wapi? Nani anazika mugomba? Muzee, umetembea sana, kichwa ulikiacha Kisangani."

Wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Mtunga sheria anaweza kuvumilia kuambiwa jeshi lake ni kali mno. Hawezi kuvumilia kuambiwa ni la uongo. Birindwa alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilihisi. Nikauondoa mguu wangu.

"Inafanyika," nikasema, kwa sauti, ili wote wasikie. "Hata hapa karibu, Nyantende. Mutu amebakia mu shimo kule Kamituga, hawakumupata. Waliweka mugomba mu sanduku, wakamuvalisha shati, wakagonga misumari. Padri akabariki. Na mama yake mpaka leo anapalilia."

Lungo likanyamaza.

Mnajua sauti ya maharage kwenye lungo, huwezi kuisikia mpaka ikome. Ilikoma. Nikageuka, na yule mama alikuwa amenyanyua uso. Hakunitazama mimi.

"Birindwa."

"Mama."

"Mugisho iko mule?"

"Mama, tuingie ndani kwanza."

"Nakuuliza nikiwa hapa. Mugisho iko mule ndani, ao haiko?"

Birindwa aliangalia meza, kana kwamba jibu lingeweza kuwa pale kati ya milima ya udongo. "Haiko, mama."

Yule mama hakulia. Aliweka lungo chini polepole, maharage safi na mawe yakachanganyika upya. "Kila nikitoka kulima napita pale," akasema. "Namuelezea habari. Mbuzi imezaa, namuambia. Mvua imekawia, namuambia. Kumbe nasemesha mugomba."

"Mama, ni muchezo tu," fundi alisema. Alikuwa amevua kofia.

"Nimeona ni muchezo."

Akajifunga kitenge, akatoka. Mke wa fundi akamkimbilia. Mezani hakuna aliyegusa kitu. Kipande kimoja kilikuwa wazi, kitambaa kilikuwa kimedondoka chenyewe, na mama wa udongo alikuwa amesimama mbele yake. Sikuhitaji kuwaeleza watu sheria inasemaje.

Wenzangu waliondoka bila kuniaga. Birindwa alibaki, akawa anakusanya vile vipande vya mgomba kimoja kimoja kwenye kiganja chake.

"Nilikuambia ile kitu kwa sababu ilikuwa inanilemea," akasema. "Nilikuambia unisaidie kubeba. Sikukupatia."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya urafiki.

Mama hakupalilia tena. Nyasi zikaota juu ya lile kaburi, mbuzi wakalipanda. Wajomba walikuja kumsihi, wakamweleza kwamba wazee ndivyo walivyofanya, kwamba gogo lililobarikiwa ni mtu. Akawajibu kuwa anaifahamu desturi, aliiona tangu angali msichana. Kinachomuuma ni kwamba kwa desturi ile, mama wa marehemu ndiye anayechagua mgomba. Yeye hakuulizwa.

Kisha akafunga mzigo, akaenda Kamituga. Mama mzee, mwenye kifua kibovu, juu ya lori, katika ile barabara ambayo hata vijana wanaimaliza wakiwa wagonjwa. Birindwa aliomba ruhusa shuleni akamfuata, akamsihi, akarudi peke yake.

Na mimi nikaenda. Njia ya Kamituga naijua kuliko njia ya kanisa. Nilimkuta ameketi kando ya mashimo, kwenye udongo uliotupwa, pamoja na mwanamke wa kanisa aliyempa mahali pa kulala. Wachimbaji walipopanda juu, weupe kwa vumbi, alimuuliza kila mmoja kama anajua shimo la Mugisho. Vijana wale walimjibu kwa heshima. Lakini shimo la zamani haliko tena, mama. Mashimo yanaanguka, yanafunikwa, wanafungua mengine pembeni. Hakuna anayejua.

Nilipiga magoti kwenye tope. Nikasema nimekosa, nikasema yote, hata lile la mguu chini ya meza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Batoto yangu walinipatia kaburi," akasema. "Wewe ulinipatia mugomba."

"Na ile muchezo yako," akauliza, "mama akishaona, nani anashinda?"

"Adui, mama."

"Adui ni nani?"

Nimekuwa nikitunga sheria tangu ujana wangu. Kwa kila jeshi nilijua adui ni yupi. Pale sikujua niseme nani. Nilibaki nimeinamisha kichwa mpaka akanionea huruma, akanituma: "Rudi Bukavu. Muambie Birindwa maharage ya Nyantende isioze mu shamba. Mimi nitabakia huku karibu na yeye."

Nilirudi nikapiga hodi kwa Birindwa. Nikampa ujumbe kama nilivyopewa. Alisikiliza akiwa ameshika mlango.

"Maharage nimevuna," akasema. "Sasa hata mama yangu ananitumia habari kupitia kwako?" Akafunga. Hakuubamiza mlango. Aliufunga taratibu, kama mtu anayefunga nyumba yenye mgonjwa.

Bukavu nimeondoka, na safari hii siitamani kama zamani, maana kila nikiikumbuka naanza na ile baraza. Askari wote niliwaloweka kwenye maji wakarudi kuwa udongo. Yule mama wa udongo peke yake nilishindwa kumloweka.

Ninyi mnaotunga, iwe michezo, iwe nyimbo, iwe hadithi za kuchekesha watu barazani, nawaomba. Mwenzako akikuonyesha kidonda chake, jua amekuonyesha ili umsaidie kukifunika. Kitakujia usiku kikiwa kizuri, kitajipanga chenyewe, kitakupa hata sheria zake. Hapo ndipo uogope. Mimi laiti lile jeshi lingekuwa baya, ningeliacha nyumbani siku ile, na mama mmoja angekuwa Nyantende sasa hivi, jembe begani, anamweleza mwanawe habari za mvua.