Kigoda cha Mama Neema

Jamani, leo nusura niue mteja. Naandika nikiwa ng'ambo ya barabara, karakana yangu naiangalia kwa mbali.

Mama Neema wa hapa Gungu kaleta skrubu ya mashine yake ya mawese. Inalika kila mara.

Nikaifukia kwenye unga wa boroni, ndani ya chungu cha chuma. Kikikolea moto, ule unga unakivika chuma ngozi ngumu, hata tupa ya kunolea inateleza juu yake.

Mfuniko nikauziba kwa udongo. Udongo ulikuwa bado mbichi. Haraka zangu!

Nikakiweka chungu kwenye makaa. Mama Neema kakaa kwenye kigoda, anasubiri.

Simu yake ikaita. Akatoka nje kutafuta mtandao.

PUU!

Mvuke wa ule udongo mbichi umerusha mfuniko. Kigoda vipande viwili.

Kigoda KILE KILE.

Mama Neema akarudi, akakitazama kigoda, akanitazama mimi. Nikajua nimekwisha.

"Pole, mwanangu. Skrubu yangu imeiva?"

"Bado, mama. Mpaka nianze upya."

"Basi kesho nakuja na kigoda changu."

Nyie, namwambiaje asije?