Zamu ya Huzuni ya Mwalimu

Daftari nilipewa kama dawa. Nilikuwa mwalimu mgeni upande wa Balangdalalu, nimetoka Songea, na tangu nifike nilikuwa silali. Upepo wa Hanang ulipiga bati usiku kucha, nami nimekodoa macho nikiwaza kwetu. Nikamwambia mganga wa zahanati kwamba nisipopata usingizi nitapanda lori la mahindi nirudi nyumbani, darasa la kwanza lijifundishe lenyewe.

Alifungua kabati la dawa, akalitazama, akalifunga.

"Vidonge vimekwisha," akasema. "Andika. Mistari mitatu kwa siku, baada ya chakula. Siku ilikwendaje, moyo ukoje. Usizidishe."

Jioni ile ile nikakaa kwenye kigoda nje ya nyumba, maana mafuta ya taa yalikuwa adimu. Niliandika mstari mmoja, nikainua macho kuutafuta wa pili. Mama mmoja aliyepita na kuni akautua mzigo wake haraka.

"Mwalimu, andika na mimi nimelima leo. Nilikuwa nyuma ya kichuguu, karani hakuniona."

Pale kijijini mtu aliyeandika huku akitazama watu alikuwa mmoja tu, karani wa shamba la ujamaa, aliyesimama pembeni ya mahindi kuandika nani kaja na nani kategea. Nikamweleza mama kwamba mimi naandika mambo ya moyo wangu. Akafikiri kidogo.

"Sawa," akasema. "Lakini niandike."

Kesho yake wakaja na wengine, na majembe yao. Mzee mmoja aliitikia shikamoo yangu, akainama, akaanza kulima mbele ya mlango wangu ambapo hapakuwa na shamba lolote. Hakuacha mpaka nilipomwandika. Mstari wangu wa tatu siku ile ulisema: mzee amelima njia yangu ya chooni.

Siku zilivyozidi kupita hivyo, mwenyekiti wa kijiji akaona nchi inamponyoka. Akagonga kipande cha reli, watu wakakusanyika.

"Ndugu zangu, kuna daftari la pili. Mwalimu, simama utusomee."

Nikasema haya ni mambo yangu binafsi.

"Binafsi?" akauliza kwa upole, kama anauliza ninaumwa wapi.

Nikasoma. Leo nimefundisha herufi, nimekula peke yangu, usingizi hakuna. Leo nimefundisha kuhesabu, nimekula peke yangu, usingizi hakuna. Ukiacha majina ya waliolima, ukurasa mzima ulikuwa hivyo, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyecheka. Mama wa kuni alisimama.

"Anakula peke yake?" aliuliza. Hakuniuliza mimi, aliuliza mkutano.

"Mwalimu wa kwanza alitutoroka na lori," mwenyekiti akasema. "Hatukujua anaumwa nini. Huyu tumemsikia. Huzuni yake ni kazi ya kijiji, iwekewe zamu."

Mabalozi wa nyumba kumi wakagawana siku. Mtu akauliza kama atakayekwenda kukaa na mwalimu atahesabiwa amelima. Walibishana mpaka jua likashuka, ndipo ikapitishwa kwamba atahesabiwa amelima nusu.

Basi wakaja kutekeleza azimio. Yule mzee wa jembe alikaa kwenye kiti changu, uso mzito, akanywa uji wangu, akauliza, "Imepungua?" Nikasema bado. Akanywa tena. Mama wa kuni alileta maziwa kwenye kibuyu, akasimulia habari za ng'ombe wake hadi usingizi ukamchukua palepale, akaanza kukoroma. Nilikasirika. Kisha nikashtuka jogoo anawika, na kumbe nilikuwa nimelala kwa kusikiliza mtu anakoroma ndani ya nyumba yangu.

Sikuandika tena. Nafasi ya kuandika ningeitoa wapi, nyumba imejaa?

Mavuno yalipokaribia, mwenyekiti akaja na katibu wake. Nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia mashavu. Siku zile nilikuwa nalala usingizi wa pono, na nilikuwa nimenenepa.

"Mwalimu, watu wanatakiwa shambani. Huzuni imekwisha? Tufunge zamu?"

Moyo ulinilipuka. Kabla sijafungua mdomo, mama wa kuni, ambaye hata siku yake haikuwa, akajibu kutoka jikoni kwangu huku akisonga ugali.

"Bado. Huyu bado kabisa."

Nikainamisha kichwa na kuhuzunika kadiri nilivyoweza.