Godoro Aruka Kamba

Chuoni walimwita Godoro, na yeye mwenyewe aliitika bila kinyongo. Alikuwa mwanafunzi wa hesabu, binti wa mama fundi wa mapazia, na ukiacha hesabu, kipaji chake kikubwa kilikuwa kulala. Alilala akitoka darasani, akalala kabla ya kwenda darasani, na siku nyingine alilala humo humo darasani, shavu juu ya kitabu. Asubuhi alikunywa soda na kula biskuti akiwa bado kitandani. Mwenzake wa chumbani, mwanafunzi wa uuguzi ambaye bweni zima lilimwita Sista, alichoka kukung'uta makombo.

"Mwenda pole hajikwai," Godoro alijitetea.

"Wewe huendi pole, shoga yangu. Wewe huendi kabisa."

Siku moja mhadhara ulihamishiwa ghorofa ya juu kabisa. Godoro alifika amechelewa, akajibwaga kiti cha nyuma, akaanza kutweta. Alitweta mpaka mhadhiri akaweka chaki chini, akatega sikio, akauliza, "Jamani, nani ametuletea mashine ya kusaga?" Darasa likaangua kicheko. Godoro alitaka kujibu, lakini pumzi ya kujibia hakuwa nayo. Akanyoosha mkono tu, kama mtu anayeitwa jina, na kicheko kikaanza upya.

Alicheka pamoja nao. Ila jioni alimwambia Sista, "Leo nimeogopa. Moyo ulikuwa unagonga kana kwamba unataka kutoka nje."

"Basi kesho alfajiri tunakimbia."

Wakakimbia. Tuseme, Sista alikimbia. Godoro alifika getini, akashika kiuno, akaita bodaboda. Sista alikuwa anazunguka kona ya uwanja alipopitwa na rafiki yake, amekaa nyuma ya pikipiki, anapunga mkono kama bibi harusi. Sista alicheka hadi akakaa chini, na mazoezi yakafia hapo.

Dawa ilipatikana nyuma ya bweni, kwenye kamba za kuanikia nguo. Jumamosi moja kamba ilikatika, mashuka yote chini. Godoro aliokota kamba ile ili aifunge upya, akaipima mkononi, na kabla hajajua anafanya nini, akaizungusha na kuruka. Akaruka tena. Utotoni alikuwa bingwa wa mtaa mzima, na alikuwa amesahau kabisa!

"Sista! Njoo uone! Kumbe nina miguu!"

Sista alitoka mbio, mapovu ya sabuni yamemjaa mikononi. Wakafunga ncha moja kwenye nguzo, Sista akazungusha nyingine. Godoro aliruka, akakata pumzi, akaanguka juu ya mashuka huku anacheka, akainuka akaruka tena. Madirisha yakafunguka. Mabinti wakashuka, wengine na taulo kichwani, kila mmoja akidai zamu yake.

Tangu siku hiyo kila jioni ikawa ni kamba. Wavulana walikuja kudhihaki, wakisema huo mchezo wa watoto. Mbeba vyuma wao, jina la utani Kifua, akaingia kuwaonyesha, na kamba ikamzonga miguu akabaki amelala kama mzigo uliofungwa tayari kusafirishwa. Kesho yake alirudi kujifunza.

Mengine yalijileta yenyewe. Soda ilimpanda Godoro puani kila aliporuka, akaiacha, akanywa maji. Njaa ya kweli ikamtoa kitandani asubuhi akatafute mayai na matunda. Usiku alilala fofofo, mchana macho makavu, hata mhadhiri akamwuliza kama anaumwa.

Kisha mama yake akaja kumtembelea bila taarifa. Alizunguka bweni akifuata kelele, akamkuta bintiye hewani.

"Shikamoo, mama!" Godoro alipaza sauti bila kusimama.

"Marahaba. Nimemtuma mtu akasome, nakuta anaruka!"

Kamba ikasimama. Mama akatua mkoba, akavua viatu, akakunja sketi. "Haya, zungusheni. Si hivyo! Mnazungusha kama mnakoroga rangi. Kasi!"

Akaingia. Aliruka mguu mmoja, akabadilisha, akageuka nyuma, kitambaa kikamdondoka kichwani, naye hakujali. Bweni zima lilipiga vigelegele. Godoro alicheka mpaka kwikwi ikamshika.

"Alidhani wepesi huu kautoa kwa baba yake!" mama alisema, akiketi kwenye nyasi. Binti akamlalia begani, wote wawili wanahema, wanagawana machungwa na Sista.

"Kesho mnaanza saa ngapi?" mama akauliza.

"Mama, kwani hurudi leo? Na mapazia ya watu?"

"Mapazia hayana miguu, mwanangu. Hayaendi popote."