Fundo la Kitanda cha Bi Harusi

Fundi seremala yule wa Dumyat, kule Misri, huongea na mbao zaidi kuliko anavyoongea na mkewe. Huupapasa ubao kwa kiganja, akitafuta nyuzi zinaelekea wapi, huku akiubembeleza, "Haya, bibi, usininyofokee." Siku ya harusi ya bintiye Umm Sabrin, ubao wa kichwani wa kitanda ulikuwa bado na fundo lililonyofoka kila alipolipitishia randa, na Umm Sabrin mwenyewe amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi, mwanangu alale sakafuni?"

"Subiri, mama. Kisu kimelala mno, kinachimba." Akachukua randa nyingine, yenye kisu kilichosimama zaidi. Hiyo haikunyofoa, ila ilikuwa nzito kama punda aliyegoma. Akaigeuza mshazari, ikateleza. "Unaona? Fundo haliendewi kifua mbele kama askari. Linapitiwa ubavuni, kama anayekuja kukopa." Ukatoka ukanda mrefu wa maranda, mwembamba hata mwanga unapenya. Fundi akasahau harusi, akasahau adabu, akautandaza kichwani mwa Umm Sabrin kama shela. "Una wazimu wewe!" alifoka mama, akaondoka na hasira zake. Majirani wanaapa alifika nyumbani na ukanda ule kichwani, akitembea polepole usije ukakatika.